Kimya cha Kifuani

"Wale senene mliowaua wanaimba," mama yake alisema kwenye simu, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia kwamba mbuzi amekata kamba. "Njoo uwasikie mwenyewe. Mimi nimechoka kuambiwa nimezeeka."

Daktari Kemilembe alicheka, kisha akaacha kucheka. Mama yake, Bi Kagemulo, hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo. Kwake simu ilikuwa kifaa cha kutangazia misiba. Keshokutwa ilikuwa siku ya kiapo, kazi za kituo chao cha utafiti wa nzige zilikuwa zimemfika shingoni, na bado alijikuta anatia sikio lake la kazi ndani ya begi na kumwambia dereva ageuze gari waelekee Kamachumu, kijijini kwao.

Sikio lenyewe lilikuwa kisanduku kidogo chenye spika na sindano nyembamba kuliko unywele. Ukiichoma ile sindano kwenye neva ya mdudu, kila mshtuko wa neva unasikika kama tone la maji. Tangu ile miaka mibaya ya nzige, sheria ilikataza sumu yoyote kumwagwa kutoka angani, isipokuwa kwa majaribio madogo, mpaka mtu mmoja awe amekaa na mdudu, akamsikiliza anavyokufa mwanzo hadi mwisho, halafu asimame mbele ya watu aseme kwa kiapo alichosikia. Watu walikuwa wamechoka kuhakikishiwa usalama na wakubwa ambao hawakuwepo. Mtu huyo aliitwa Msikilizaji, na kwa muda mrefu sasa Msikilizaji alikuwa Kemilembe.

Kazi hiyo ilikuwa imemla. Sumu za zamani zilimfanya mdudu apige kelele ndani ya neva zake, kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, bila kupumzika, mpaka neva inaungua. Kemilembe alirudi nazo nyumbani kila jioni. Alikula zikimlilia masikioni, aliolewa zikilia, na mumewe alipofungasha akaondoka zilikuwa bado zinalia. Ndipo akaamua kutengeneza sumu yake mwenyewe, isiyo na kelele. Akaiita Tulivu. Mara ya kwanza alipoijaribu, nzige alianguka na sikio likanyamaza kabisa, na Kemilembe akalia kwa furaha mbele ya wanafunzi wake bila kuona haya. Tangu siku ile alikuwa analala usingizi.

Bi Kagemulo alimpokea barazani. Kemilembe alipiga magoti akamsalimia, daktari au si daktari, maana nyumba ile ilikuwa na taratibu zake. Mama akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akamwacha atafune moja kabla ya kuanza kumsuta.

"Ndege zenu za majaribio zilikuja kutafuta nzige, zikaangusha na senene wangu," alisema. "Nimeokota tenga zima. Nashika mmoja, harushi teke. Nashika mwingine, vilevile. Nikasema mizoga hiyo, nikaimwaga nyuma ya migomba."

Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa mambo yote. Kinuni, ambako nzige walisagwa kuwa unga wa chakula, hakuna aliyejali mdudu anarusha teke au harushi. Nzige walianguka asubuhi, wakazolewa, na kabla ya jua kuzama walikwishakuwa unga. Lakini kwa watu wa Bi Kagemulo, senene, yule panzi wa msimu wa kuliwa, hunyonyolewa mzima, akipigapiga miguu vidoleni. Asiyerusha teke ni mzoga, na mzoga hauliwi. Kwa hiyo wale walikaa. Pengine hapakuwa na mahali pengine popote nchini ambapo wadudu walioangushwa na Tulivu waliwahi kuachwa walale siku kadhaa mfululizo.

"Kuku nimewafungia wasije wakala vitu vya ndege zenu," mama alisema akiinuka. "Twende."

Lundo lilikuwa juu ya majani makavu ya migomba, la kijani na la kahawia, kimo cha kiti. Kwa mbali lilionekana kama takataka tu. Jua lilikuwa limeshaanza kuelemea, na kutoka ndani ya lundo ulitoka mlio mwembamba, ule ule wa senene wa msimu ambao Kemilembe aliujua tangu hajajua kusema. Waliolala juu walikuwa hawatikisiki. Wengine pembeni walikuwa wamekwisha kujigeuza, wakisugua mabawa. Mmoja alijikokota juu ya wenzake, akafika ukingoni, akaruka.

Kemilembe alirudi nyuma hatua moja. Aliogopa, na hakuwa na neno jingine la kuliita jambo lile.

"Sijazeeka, basi," mama yake alisema.

*

Walikaa jiko la nje, mama upande mmoja na ungo wa senene wazima aliowanasa mwenyewe, binti upande wa pili na kisanduku chake na sahani ya wale wasiotikisika.

Mambo aliyokuwa akiyawaza Kemilembe pale alikuwa ameyafundisha mara nyingi mpaka yakapoteza ladha. Neva na neva hazigusani. Kati yake pana upenyo mdogo, na ujumbe huvushwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Inavuka, inapiga hodi kwenye kipokezi, na kipokezi ni mlango uliojengwa kwa vipande vitano vya protini. Mlango ukifunguka, chumvi inaingia, neva ya pili inashtuka, ujumbe unasonga mbele. Kisha anakuja mfagiaji, kimeng'enya chenye kazi hiyo moja, anaizoa asetilikolini na mlango unajifunga. Sumu za zamani zilimuua mfagiaji, au zilikaa mlangoni zikauzuia usifunge. Ndiyo sababu ya zile kelele. Tulivu ilifanya kinyume. Ilikaa mlangoni ikaubana, na hodi zikapigwa bila mtu kufungua.

Kwamba Tulivu ilikuwa ikibanduka mlangoni baada ya siku kadhaa, hilo aliweza kulimeza. Sumu nyingine hubanduka. Kilichomkaa kooni ni swali la wapi mdudu alikuwa muda wote huo.

Alichukua senene mmoja asiyetikisika, akachoma sindano kifuani, kwenye fundo la neva linaloamuru miguu na mabawa. Spika haikutoa kitu. Ulikuwa ule ule ukimya wake alioupenda, alioutolea kiapo msimu baada ya msimu.

"Kimya," alisema.

Mama yake alikuwa akinyonyoa. Mikono yake ilienda haraka: kidole cha shahada na cha kati vikibana kifua, kidole gumba kikifunika kichwa ili senene asiume, mkono wa pili ukichomoa bawa, bawa, mguu, mguu. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyomfundisha Kemilembe akiwa bado anaota meno ya pili.

Kemilembe alikitazama kile kidole gumba. Akakitazama tena.

Alipoanza kazi kituoni hapakuwa na kibanio cha kufaa, wadudu walikuwa wakiponyoka na kuuma watu. Yeye ndiye aliyechora kipya. Kifua kinabanwa katikati, na kichwa kinaingia kwenye kikombe kidogo cha mpira. Kila mtu alikisifu, vituo vyote vikakiiga, na hakuna aliyeuliza alikitoa wapi. Alikitoa kwenye mkono wa mama yake. Tangu hapo hapakuwa na sindano hata moja, popote, iliyowahi kuingia kwenye kichwa cha mdudu, kwa sababu kichwa kilikuwa kimefunikwa kabla kazi haijaanza.

Na vile vipande vitano vya mlango havifanani mwili mzima. Alijua. Mlango wa kifuani una vipande vyake, wa kichwani una vyake. Tulivu aliichagua yeye, kati ya dawa chungu nzima, kwa kusikiliza kifua peke yake.

Alichomoa sindano. Akamshika senene kwa kifua tu, kidole gumba akakiweka kando, na mkono wake ukaona ajabu kushika hivyo. Akachoma kichwani.

Spika ikaanza kudondosha matone. Hayakuwa mayowe, na angetamani yangekuwa mayowe, maana hayo alikuwa ameyazoea. Yalikuwa matone ya kawaida, ya hapa na pale, kama mtu anayejisemea peke yake huku akipika. Alipopitisha taa, yakabadilika. Alipopuliza kidogo juu ya vipapasio vyake, yakabadilika tena.

"Mnyonyoe mguu," alimwambia mama yake.

Bi Kagemulo aliinama akachomoa mguu. Matone yaliendelea vilevile.

"Huyu hasikii," mama alisema.

"Habari za mguu zinapitia kifuani. Kifua kimefungwa." Kemilembe alimgeuza senene amwelekee mama yake. "Sasa fanya kama unataka kumfunika kichwa. Polepole."

Mkono wa mama ulisogea, kidole gumba mbele. Spika ililipuka. Matone yalishikana yakawa mvua, na kadiri kidole kilivyokaribia ndivyo mvua ilivyozidi, mpaka Bi Kagemulo akaurudisha mkono nyuma kama aliyegusa sufuria ya moto. Mvua ikapungua, ikarudi kuwa matone.

"Anaujua mkono," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Anauona. Kichwani mwa nzige na jamaa zake wote kuna neva moja kubwa, kazi yake ni kupiga kelele kitu kinapomjia. Inaiambia miguu iruke." Akamtazama yule senene aliyetulia vidoleni mwake. "Inaiambia. Miguu haipati."

Kuku walikuwa wakigombana bandani. Nyuma ya migomba lundo lilikuwa likiimba.

"Ukiwaeleza haya siku ya kiapo," Bi Kagemulo aliuliza, "ndege zitaruka?"

"Hazitaruka. Sheria iko wazi: lazima mdudu awe amesikika akifa."

"Na nzige wako wapi?"

"Karagwe. Wakipata upepo wanafika wiki hii."

Mama alichukua senene mwingine kutoka kwenye ungo, akamshika, hakumnyonyoa. "Mdogo wako Mutalemwa, siku yake ya mwisho, ile miaka ya nzige, nilimpa maji ya maganda ya ndizi," alisema. "Niliyachemsha, nikamwambia ni supu. Aliniambia ni tamu. Alikuwa ananionea huruma." Akamwachia yule senene akaruka zake. "Sikwambii ufanye nini. Nakukumbusha tu, usije ukaamua kama mtu ambaye hakuwepo."

*

Kinu kilikuwa ubavuni mwa kituo, na bwana wa kinu alikuwa Ishengoma, aliyesoma dawati moja na Kemilembe na ambaye bado alimwita Kemi hata mbele ya mawaziri. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani. Kesho yake alimsikiliza Msikilizaji bila utani wowote, wamesimama kwenye ngazi ya chuma juu ya mkanda wa kupelekea nzige kinuni. Chini yao nzige wa majaribio walikuwa wakipita, tabaka nene, wamelala chali na ubavu, kuelekea kwenye mdomo wa kinu.

"Kwa hiyo miguu hawaihisi," Ishengoma alisema mwishowe.

"Hawaihisi."

"Wala tumbo."

"Wala tumbo."

"Basi hakuna maumivu. Umeniambia mwenyewe hakuna maumivu."

"Sijui kama kuna maumivu. Sijui kama nzige ana mtu ndani yake wa kuumia. Ninachojua ni kwamba wanaona."

"Wanaona nini, Kemi?"

Kemilembe alielekeza kidevu kule mkanda ulikokuwa ukiishia. "Kinu kinavyokuja."

Ishengoma alishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Alikuwa na binti, Asimwe, mwenye mashavu kama maandazi, aliyelelewa kwa uji wa unga ule. Kabla yake alikuwa na mwana mwingine, wa ile miaka, na huyo hatajwi.

"Kuna namna nyepesi," alisema. "Wewe unasema ulichosikia kifuani, na hilo si uongo. Umesikia kimya. Ndege zinaruka, watu wanakula, na msimu ukiisha unakaa maabara unatafuta dawa itakayofunga na milango ya kichwani. Mwaka mmoja. Miwili. Nitakupa kila kitu."

"Na hii miwili?"

"Hii miwili watoto wanakula." Alielekeza kidole mkandani. "Ni wadudu. Bibi yangu na bibi yako waliwatia kwenye kikaango wakipiga mateke."

"Walipiga mateke," Kemilembe alisema. "Bibi alijua anashika kitu kizima, akamaliza upesi. Sisi tuliwaambia watu kwamba nzige wamekwisha kufa."

Alisikia maneno yake mwenyewe na hakuwa na hakika nayo. Alikuwa amepita asubuhi ile sokoni kwa makusudi, akaangalia watoto. Alitaka wampe jibu. Waliokuwa wanene walimpa moja, na Mutalemwa, ambaye hakuwepo, alimpa hilo hilo, kwa nguvu zaidi. Kumbe hakuna aliyekuwa upande wa nzige ila neva moja iliyokuwa ikipiga kelele kwa miguu isiyosikia, na yeye aliyekuwa ameisikia. Alijichukia kwa kuipima na mtoto. Alijua pia kwamba akikaa kimya, ukimya huo utakuwa kama wa Tulivu: kifua kitatulia na kichwa kitaona.

"Nenda ukalale," Ishengoma alisema. "Kesho useme unachoweza kuishi nacho."

"Hayo ndiyo unayotaka?"

"Mimi nataka unga," alisema, akashuka ngazi.

*

Uwanja wa kituo ulijaa kama kawaida ya siku ya kiapo. Kina mama walikuja na watoto mgongoni, wazee wakaletewa viti, na spika zilikuwa zimefungwa juu ya nguzo mpaka barabarani. Ndege zilikuwa zimepangwa nyuma ya uzio, matangi yamejaa. Mkanda wa kinu ulikuwa ukitembea kwa sababu kinu hakikuwa na sikukuu. Bi Kagemulo alikaa mstari wa mbele katika vazi lake zuri la gomesi, mikono imetulia mapajani.

Watu waliujua utaratibu kama wanavyojua sala. Msikilizaji atashika nzige aliyeangushwa na Tulivu, atachoma sindano, uwanja mzima utasikia kimya, naye atasema, "Nimesikiliza, nimesikia kimya." Hapo watapiga makofi na ndege zitawasha injini.

Kemilembe alimchukua nzige kutoka mkandani, akakataa kibanio alichopewa na mwanafunzi wake, akamshika kwa vidole. Akachoma kifuani. Kimya kilienea uwanjani mpaka barabarani, na watu wakatabasamu. Wengine wakawa tayari na viganja.

"Hicho ndicho nilichowasikilizisha miaka yote," alisema kwenye kipaza sauti. "Sikuwadanganya kwa kukusudia. Sikuwahi kusikiliza kichwa." Akahamisha sindano.

Matone yalianza kudondoka kutoka kwenye nguzo zote. Watu walitazamana. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kwa nini mzoga unalia, na Kemilembe akaeleza, polepole, kwa maneno ya jikoni: mlango wa kifuani umebanwa, wa kichwani uko wazi; akiachwa siku kadhaa ataamka; mpaka hapo yumo, anaona, na mwili haumtii. Kisha akanyoosha kidole gumba akakisogeza kuelekea jicho la nzige.

Mvua ilinyesha kwenye spika. Mtoto mmoja alianza kulia. Kemilembe akarudisha kidole, mvua ikakatika.

Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya uji aliifunga kifuniko, akaitazama, hakujua aiweke wapi. Wengine walitazama ndege, na wengine walitazama upande wa Karagwe, ambako tangu asubuhi anga lilikuwa na rangi ya kutu. Walikuwa na hasira, na Kemilembe aliiona, na hakuweza kujua ni hasira ya nini: ya walichofanya, au ya kuambiwa.

Ishengoma alipanda jukwaani. Watu walidhani anakuja kumnyang'anya kipaza sauti, na Kemilembe naye alidhani hivyo. Badala yake alisimama mbele ya nzige, akanyoosha kiganja chake kizito, akakisogeza. Mvua. Akakirudisha. Matone. Akarudia tena, taratibu zaidi, kama mtu anayejaribu swichi asiyoiamini.

Alishuka, akakatiza uwanja, watu wakimpisha, akaingia kinuni. Mngurumo ambao wote walikuwa wameuzoea mpaka hawausikii tena ulishuka, ukasita, ukazimika. Mkanda ulisimama na mzigo wake.

Aliporudi alisimama chini ya jukwaa, akamtazama rafiki yake kutoka chini. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Nimekizima," alisema. "Sasa niambie, Kemi. Wiki ijayo Asimwe atakula nini?"

Kemilembe alimtafuta mama yake kwa macho. Bi Kagemulo alikuwa akimtazama, na usoni mwake hapakuwa na lawama wala msaada.

Msikilizaji alibaki amesimama mbele ya watu wote, amemshika nzige kifuani kwa vidole viwili, kichwa kikiwa wazi, na juu ya nguzo yale matone yaliendelea kudondoka.